Tuzuie Udongo Kwanza, Mbolea Baadaye

Huniudhi kusikia mkulima wa nyanda kame akishauriwa kununua mbolea ya dukani ilhali shamba lake liko wazi kwenye mteremko. Mvua za kwanza huangukia ardhi iliyoshika gamba, na maji yasiyopata pa kupenya huisomba mbolea hiyo pamoja na udongo wa juu hadi korongoni. Mshauri hayupo siku hiyo. Hasara ni ya mkulima.

Kinga yake ni mstari wa mawe uliofuata kontua, yaani sehemu za mteremko zenye kimo kimoja. Mstari huo hauzibi maji kama ukuta wa bwawa, bali huyapunguza kasi ili yatawanyike na kuzama, huku tope laini, majani makavu na vinyesi vya mifugo vikinaswa upande wa juu wa mawe. Chimbua hapo kwa vidole baada ya misimu michache, utakuta tabaka la udongo laini mahali ambapo zamani jembe lilikuwa likidunda. Katika eneo la Yatenga, kaskazini mwa Burkina Faso, wakulima walikuwa na mistari yao ya jadi, na mradi wa shirika la misaada la Oxfam ulioanza mwaka 1979 ukasaidia kuiboresha kwa mpira wa maji unaoonyesha ndani. Ncha zake hufungwa kwenye fito mbili zenye alama, na pale maji yanapolingana pande zote mbili ndipo mawe yanapopangwa. Kipimo hicho ndicho moyo wa kazi yote, kwani mstari ukienda upande hata kidogo maji hukusanyika mahali pamoja, hupasua njia na kuchimba korongo jipya. Hakihitaji kisomo, na ndiyo maana nashindwa kuelewa kwa nini hakifundishwi kila kijiji chenye mteremko na mawe.

Nakubali kwamba mawe peke yake hayazai rutuba. Yacouba Sawadogo, mkulima wa Yatenga aliyepewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2018, aliyaunganisha na mashimo ya zai, yaani vishimo vya kupandia mbegu, yaliyotiwa samadi. Hata mbolea ya dukani ina nafasi yake, mradi maji yamekwisha kuzuiwa.

Kikwazo halisi ni kubeba mawe, kazi inayowachosha watu na punda, na mahali pengine mawe yako mbali mno na shamba. Wanaogharimia mbolea kila msimu wagharimie lori la mawe mara moja, kwa sababu mstari uliopangwa vizuri na kukarabatiwa hudumu miaka mingi.