Protini inacheza, ndiyo, lakini inacheza wapi?

Mwanafunzi wa sekondari hapa Nairobi bado anakaririshwa kufuli na ufunguo, wazo la mwanakemia Emil Fischer la mwaka 1894: kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mmenyuko wa kemikali, huipokea molekuli yake kama kufuli linavyopokea ufunguo wake. Sina ugomvi mkubwa nalo. Nisiokubaliana nao ni waliokimbilia upande wa pili, wanaodai kwamba protini hucheza, yaani hujikunja na kujikunjua, na kucheza huko ndiko kunakosukuma mmenyuko wenyewe.

Kwamba inacheza, hakuna ubishi. Tangu 1958 mwanabiokemia Daniel Koshland alishasema kimeng'enya hubadilika umbo kinapoishika molekuli. Swali ni mchezo huo unasaidia hatua gani.

Chukua kimeng'enya kiitwacho dihaidrofoleti ridaktesi, cha bakteria Escherichia coli. Inahamisha haidrojeni na elektroni zake mbili kutoka NADPH, molekuli inayobeba haidrojeni ndani ya seli, na katika pH 7 hatua hiyo huweza kwenda zaidi ya mara 200 kwa sekunde. Kuliachia zao? Mara 12 hivi. Ni kama matatu ya Rongai iliyopaa Lang'ata Road yote, halafu mjini abiria wanashuka mmojammoja huku wakidaiana chenji na makanga. Hapo kwenye kushuka ndipo kitanzi cha Met20, kipande kinachofunika na kufunua mlango wa kimeng'enya, kinapokula mshahara wake.

Mwaka 2011 watafiti, Peter Wright akiwemo, walibadilisha asidi amino chache, kitanzi kikatulia, na uhamishaji wa haidrojeni ukapungua kasi. Ushahidi huo, wakasema wengi. Mwaka huohuo Arieh Warshel, aliyekuja kupata Nobel 2013, na wenzake wakajibu kwa hesabu za kompyuta: kilichovurugika ni mpangilio wa chaji zinazoipokea hali ya mpito, ile hali ya kileleni molekuli inapokuwa katikati ya kubadilika. Mimi niko naye. Kitanzi hupinduka kwa milisekunde, yaani maelfu ya sekunde, ilhali atomu huvuka kilele cha nishati kwa femtosekunde, mabilioni ya mara haraka zaidi. Sioni vipi huyu wa polepole amsukume yule.

Wala si mambo ya ng'ambo tu. Pairimethamini, iliyomo katika SP, dawa ya kuzuia malaria wanayopewa wajawazito Pwani na kandokando ya Ziwa, huziba kimeng'enya cha aina hii ndani ya kimelea cha malaria. Kimelea nacho kikabadilisha asidi amino ya 108 ya kimeng'enya hicho, kutoka serini kuwa asparajini, dawa ikashika vibaya. Anayetaka kuunda dawa nyingine aanze kwa kupima molekuli yake inakaa mle ndani muda gani kabla ya kutoka.