Haipotei, Lakini Kwangu Haifiki

Kijana wangu amerudi shuleni na neno jipya: nishati haiumbwi wala haiangamizwi, hubadilika sura tu. Analitamka amekaa kwenye kiti changu, mimi nimesimama gizani napapasa kiberiti. Haipotei! Basi anionyeshe iliko.

Tazameni umeme. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Maji yake yanatokea hapa hapa Bukavu, yanaingia mto Ruzizi na kuporomoka karibu mita 700 hadi ziwa Tanganyika. Maji yaliyo juu yana nishati tuli. Yakishuka inageuka mwendo, mwendo unazungusha mashine za bwawa, unazaliwa umeme. Nao unapita juu ya bati langu, huyoo, unakwenda kwa wenye bahati. Kwangu hubisha hodi usiku wa manane, umekonda, balbu inakuwa nyekundu kama jicho la mlevi. Na hata ukija mzima, ile balbu ya zamani yenye uzi ndani hutoa mwanga asilimia 5 hivi tu, iliyobaki yote ni joto. Kumbe miaka yote hii nimening'iniza mbabula darini! Kitu pekee kisichobadilika sura nyumbani kwangu ni fakitire.

Bomba nalo limekauka, kwa hiyo nateka maji bondeni. Bidoni ya lita 20, kilima cha mita 100. Kijana akachukua kalamu: kilo 20 mara 9.8 ya mvutano wa dunia mara mita 100, ni joule 19,600, ndicho kipimo cha nishati. Kifua kikanijaa. Karibu elfu ishirini, mtu mmoja, bila punda!

“Papa, kijiko kimoja cha sukari kina zaidi ya mara tatu ya hiyo.”

Nikaitua bidoni chini.

Eti hesabu hiyo ni ya maji peke yake. Kuna mwili wangu pia, na tumbo ninalopandisha bila malipo. Tena misuli hugeuza kama robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi. Robo tatu inakuwa joto. Ndiyo jasho hili. Bugali yangu yote nampashia moto jirani ninayepishana naye njiani.

Hiyo joule yenyewe ni jina la mtu, James Prescott Joule, Mwingereza wa ukoo wa wapika bia. Miaka ya 1840 alining'iniza mizigo, ikawa inashuka huku ikizungusha makasia ndani ya maji, yeye anapima maji yamepata joto kiasi gani. Mwenye bia ana nafasi ya mambo hayo. Kwa hesabu yake, maji yaongezeke joto kwa digrii moja ni lazima yaporomoke mita 427 hivi. Maana yake, bidoni yangu nikiimwaga kutoka kileleni, yakifika chini hayajapata hata robo ya digrii. Hata mtoto huwezi kumwogesha!

Na motari wetu? Akifika mteremkoni anazima injini, eti anaokoa mafuta. Mafuta yaliyotupandisha kilima yanaishia kwenye breki, zinanuka, na roho yangu inanuka pamoja nazo. Wataalamu wenyewe, ukiwabana, wanakiri: jumla haipungui, ila joto likishatawanyika hewani hulikusanyi tena likufanyie kazi. Wangelisema hilo mapema tusingegombana.

Lakini kilichonichoma ni hiki: kitabu kinasema ukibeba mzigo kwenye tambarare, uzito unavuta chini, wewe unakwenda mbele, basi kazi uliyoufanyia huo uzito ni sifuri. Sifuri! Mgongo wangu haujasoma kitabu hicho.

Nikaona nimempata. “Kijana, kutoka barabarani mpaka kwenye pipa ni tambarare. Kamata hizo bidoni, si kazi.”

Mama yake akadakia kutoka jikoni: “Papa Furaha, kama ni sifuri, wewe beba mbili.”