Mwakilishi wadi, gavana na hazina ya wadi: nani ashike mfuko?

Sheria ya Serikali za Kaunti ya Kenya ya 2012, kifungu cha 9, inamwandikia mwakilishi wadi kazi yake kwa mistari michache. Awe karibu na waliomchagua na atafute maoni yao. Ayafikishe maoni hayo bungeni. Ahudhurie vikao vya bunge la kaunti na vya kamati zake. Awe kiungo kati ya wananchi na bunge kuhusu huduma wanazopata. Kisha kijisehemu cha pili kinamfungia mlango: asijihusishe, kwa njia ya wazi wala ya kando, na kazi za utendaji za serikali ya kaunti, na asitoe huduma kana kwamba yeye ni mfanyakazi wake. Kuchimba kisima, kuleta greda na kulipa karo hakumo. Lakini akisimama kwenye mazishi kutoa rambirambi, hayo matatu ndiyo atakayoulizwa kabla hajarudisha maikrofoni.

Pengo hilo ndilo lililozaa hazina ya maendeleo ya wadi. Tangu kaunti zianze kazi mwaka 2013, mabunge kadhaa yametunga sheria za kutenga fungu la kila wadi, Nairobi ikiwa miongoni mwa za mwanzo kwa sheria yake ya 2014. Majina hutofautiana, nia ni moja: sehemu ya bajeti ya maendeleo igawanywe kwa wadi, na mwakilishi awe na sauti kuhusu kinachojengwa. Wadi ziko 1,450 katika kaunti 47, na ni vigumu kupata bunge la kaunti ambalo hoja hii haijawahi kulitikisa.

Wanaoitetea hawakosi hoja. Ya kwanza ni ya umbali. Ugatuzi ulitoa fedha Nairobi ukazipeleka makao makuu ya kaunti, na kwa mtu wa pembezoni huko nako ni mbali. Bila fungu lililofungwa kisheria, barabara zinawekwa changarawe palipo na kura za gavana, na wadi iliyompigia mpinzani wake inangoja miaka mitano. Ya pili ni ya usawa na mbunge. Mbunge ana mfuko wa eneo bunge, ule unaofahamika zaidi kama CDF. Anajenga madarasa na kutoa basari, halafu diwani, yaani mwakilishi wadi, anakuja nyuma yake kueleza watu kwamba kazi yake ni kutunga sheria na kukagua hesabu. Mkono mtupu haulambwi. Anayeshindana na mwenye mfuko hana la kuonyesha isipokuwa kumbukumbu za vikao, na hizo hakuna anayezisoma.

Upande wa pili unaanzia kwenye Katiba. Kifungu cha 185 kinalipa bunge la kaunti kazi ya kusimamia na kuwakagua watendaji, na kifungu cha 195 kinazipa kamati zake nguvu za Mahakama Kuu katika kuwaita mashahidi na kudai hati. Mtu aliyechagua mradi, akapendekeza mkandarasi na kukata utepe, hawezi tena kuketi kwenye kamati ya hesabu akauliza kwa nini saruji ilikuwa haba. Mahakama zimekuwa zikisema hivyo hivyo. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilizitupa bodi za maendeleo za kaunti ambazo maseneta walitaka kuziongoza. Agosti 2022 Mahakama ya Juu ikaiharamisha sheria ya CDF ya 2013, ikisema inavuruga mgawanyo wa kazi kati ya serikali kuu na kaunti na kuwaingiza wabunge katika utekelezaji. Septemba 2024 Mahakama Kuu ikaiangusha pia sheria iliyoirithi, ile ya 2015, ikiipa muda hadi 30 Juni 2026. Jibu la wabunge lilikuja Julai 2025: Bunge la Taifa likapitisha mswada wa kurekebisha Katiba ili mfuko huo uingizwe humo. Diwani anayetazama hayo ana haki ya kuuliza kwa nini dhambi ni ya kwake peke yake. Lakini kosa la jirani halijawahi kuwa hoja ya kisheria, na hazina ya wadi inayompa diwani saini ina udhaifu ule ule.

Mjadala huu hukwama kwenye swali la uadilifu wa diwani. Kwa maoni yangu swali lenyewe ni jingine: je, hazina hiyo inampa uhuru anaoutafuta? Fuata njia ya shilingi. Mgao wa kaunti unaingia katika Hazina ya Mapato ya Kaunti. Haitoki humo bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti, na anayeomba idhini ni wizara ya fedha ya kaunti, ambayo waziri wake ni mteule wa gavana. Ikishatoka, afisa mkuu wa idara, naye mteule wa gavana, ndiye anayetangaza zabuni, kusaini kandarasi na kuidhinisha malipo. Hakuna hatua ambapo diwani anashika bomba. Sheria ya hazina inaweza kumpa kiti kwenye kamati ya wadi, hata uenyekiti, lakini mfereji unafunguliwa kwingine. Kwa hiyo aliyedai hazina ili asimtegemee gavana anajikuta anamtegemea zaidi: zamani alikuwa anasubiri huruma, sasa anasubiri fedha zilizoandikwa jina la wadi yake, na wapiga kura wanajua kiasi chake.

Hesabu ya kumwondoa gavana inaonyesha jambo hili linavyofanya kazi. Hoja ya kumtimua huanza kwa kuungwa mkono na theluthi moja ya wajumbe, lakini kupita kunahitaji theluthi mbili ya wajumbe wote, si ya waliohudhuria. Oktoba 2024 wajumbe 31 kati ya 47 wa Bunge la Kericho walipiga kura ya kumtimua Gavana Erick Mutai. Theluthi mbili ya 47 ni 31.33, na binadamu hagawanyiki. Zilihitajika kura 32, na Seneti ikaitupa hoja kwa sababu hiyo. Sasa igeuze hesabu. Katika bunge la watu 47, gavana mwenye 16 walioridhika hatimuliki. Akiwa na uwezo wa kuamua wadi ipi ilipwe mwezi huu na ipi ingoje, kuwaridhisha 16 si kazi ngumu. Hazina isiyo na kanuni ya lazima ya kutoa fedha inamnunulia gavana kinga kwa pesa za umma, na kisheria hakuna rushwa iliyotolewa. Hali inaweza kugeuka pia: Septemba 2025 wawakilishi wa Nairobi walipojipanga kumng'oa Gavana Johnson Sakaja, kuchelewa kwa basari na fedha za wadi kulikuwa miongoni mwa malalamiko yao, na upanga ulirudishwa alani baada ya Rais William Ruto na Raila Odinga kuingilia kati. Adhabu kubwa kabisa iliyomo katika Katiba ikawa kifaa cha kudai malipo.

Kwa nini basi madiwani wasitumie bajeti yenyewe, ambayo ni mamlaka yao halali? Wanaitumia, ila wengi wanachelewa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka kalenda. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka unafika bungeni kufikia 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa kifedha, unaoweka kiwango cha juu cha kila idara, unawasilishwa kufikia 28 Februari, na bunge lina siku 14 za kuujadili. Makadirio ya bajeti yanakuja kufikia 30 Aprili, na mwaka unafungwa 30 Juni. Kelele husikika Mei na Juni. Wakati huo mlango umeshabanwa: kanuni za 2015 zinasema bunge likibadilisha makadirio, nyongeza au punguzo katika fungu la idara lisizidi asilimia 1 ya kiwango chake cha juu, na kila nyongeza ilipiwe na punguzo mahali pengine. Idara ya maji ikiwa na shilingi bilioni 1, bunge zima linaweza kusogeza milioni 10. Gawanya kwa wadi 30 uone kinachobaki.

Mapambano halisi yako Februari, katika hati kavu isiyo na jina la kijiji hata kimoja, na kabla ya hapo Septemba, maana mradi ambao haukuingia katika mpango wa mwaka huingizwa bajetini kwa kuviziwa na hutolewa kwa urahisi ule ule bajeti ya ziada ikifika. Diwani aliyekosa siku 14 hizo, awe safarini au alitia saini ya mahudhurio akaondoka, amepoteza mwaka mzima. Hakuna hazina itakayomrudishia.

Tuje kwenye miradi yenyewe, kwa sababu hata mahali ambapo fedha zimetoka bila siasa matokeo mara nyingi ni ya kusikitisha. Tuseme wadi imepata milioni 10 na ina vijiji 12. Ili asimkasirishe mtu, mwakilishi anagawanya sawa: laki nane na ushei kila kijiji. Kiasi hicho kinafikisha darasa la chekechea kwenye linta. Mwaka unaofuata kipaumbele kimebadilika, au diwani amebadilika, na kuta zinaota nyasi. Au kinajenga zahanati ndogo hadi rangi na mabati, lakini muuguzi, dawa na umeme ni matumizi ya kawaida yaliyo katika bajeti ya idara ya afya, ambayo haikuulizwa. Jengo linafungwa kufuli. Kosa jingine la kila siku ni ardhi: mradi unasimama kwenye kiwanja cha mtu aliyetoa kwa maneno, bila hati, na watoto wake wanakuja kudai. Na lipo la mkandarasi. Mgao wa kaunti hutolewa kwa mwezi, lakini hucheleweshwa. Zabuni zinatangazwa karibu na Machi, kazi inaisha Juni, fedha zisipofika kabla mwaka haujafungwa malipo yanahamia kwenye orodha ya madeni. Mkandarasi aliyeumia hivyo mara moja, safari ijayo ataongeza bei au atapunguza nondo.

Kugawa sawa kati ya wadi nako kuna kasoro yake. Kilifi ina wadi 35. Bamba, kule Ganze, ni eneo kame linalohitaji mabwawa na mabomba ya masafa marefu. Sokoni, mjini Kilifi, inalia mitaro na taka. Fungu sawa kwa zote mbili linaonekana haki kwenye karatasi tu.

Makueni inafaa kutazamwa kwa karibu, maana imeonja pande zote mbili. Mwaka 2014 ugomvi wa bunge na Gavana Kivutha Kibwana juu ya bajeti ulifika hadi kufyatuliana risasi, wananchi wakaomba kaunti ivunjwe, tume ikapendekeza isimamishwe, na Rais Uhuru Kenyatta akakataa Septemba 2015. Kilichojengwa baadaye hakikumpa diwani mfuko. Miradi hujadiliwa kuanzia vijijini kwenda juu hadi wadi na kaunti, na kila mradi una kamati ya wakazi ambayo lazima iridhike na kazi kabla mkandarasi hajalipwa. Wakazi wanahesabu magunia ya saruji kwa macho yao. Diwani yuko kwenye mkutano kama mjumbe wa watu. Saini si yake. Si mfumo usio na dosari: unakula muda, na wenye nafasi ya kukaa mikutanoni ndio husikika. Ila umetenganisha mambo mawili ambayo hazina nyingi za wadi huyachanganya, yaani kuchagua mradi na kulipia mradi.

Nikipewa kuandika sheria ya wadi, ningewapa madiwani wanachostahili na kuwanyima kinachowaponza. Asilimia maalumu ya bajeti ya maendeleo ifungwe kwa ajili ya wadi, sehemu yake igawanywe sawa na sehemu kwa vigezo vya idadi ya watu, ukubwa wa eneo na umaskini. Fedha zikiingia katika hazina ya kaunti, kila wadi ipate asilimia ile ile siku ile ile, ili gavana asiwe na pa kushikia. Miradi iwe michache, isiyozidi mitatu kwa mwaka, na usianzishwe mpya kabla wa zamani haujakamilika. Kila jengo liwe na barua ya idara husika kwamba mfanyakazi na vifaa vimo katika bajeti yake. Utekelezaji ubaki kwa idara na msimamizi wa wadi. Diwani apokee taarifa ya robo mwaka, ambayo wizara ya fedha tayari inatakiwa kuifikisha bungeni ndani ya mwezi mmoja baada ya robo kuisha, na aidai kwa sauti ikichelewa.

Basari ni kesi ya pekee, na sioni namna ya kuiokoa kwa njia hii. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Sekondari na vyuo vikuu ni vya serikali kuu. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alizikumbusha kaunti hilo kwa waraka, akitaka kuwe na makubaliano rasmi ya serikali hizo mbili kabla ya fedha kutolewa, na magavana wakaja juu. Wanafunzi ndio waliokaa nyumbani wakingoja. Makubaliano hayo yangeweza kuandikwa miaka kumi kabla.

Madiwani wengi, nadhani, wataikataa sheria ya namna hii. Inawaletea barabara bila kuwapa utepe wa kukata, na gavana naye hataipenda kwa kuwa inamnyang'anya ufunguo. Inawafaa zaidi wapiga kura wa wadi ambayo diwani wake ni wa upinzani, na hao ndio wenye kura chache bungeni za kuipitisha.