Jina la mwisho ni la Uria

Zamu ya kusoma Neno iliponiangukia, somo lilikuwa 2 Samweli 23, sura yenye orodha ya mashujaa wa mfalme Daudi. Kabla sijapanda mimbarini, mzee mmoja wa kanisa akaniinamia sikioni: "Mwanangu, ukifika mstari wa ishirini na nne, ishia hapo. Yaliyobaki ni majina tu."

Nilitii. Nikasoma habari za Benaya na simba, watu wakatabasamu, nikafunga Biblia. Asaheli, Elhanani, Elika na wenzao wakabaki kwenye karatasi. Tangu siku hiyo nimeirudia orodha ile mara nyingi, na kwa heshima zote kwa mzee wangu, naona alinikataza palepale penye kisu.

Hata hao wa kabla ya mstari wa 24 hatuwatendei haki. Mtoto wa shule ya Jumapili atakuhesabia mawe matano ya Daudi bila kukosea, lakini muulize Shama mwana wa Agee ni nani, atakukodolea macho. Wafilisti walikusanyika penye shamba la dengu. Watu wakakimbia. Shama akasimama katikati ya shamba, akalitetea, akawapiga. Habari yake yote ni hiyo. Hakuwa akilinda mji wala hazina ya mfalme, alilinda dengu. Nimesikia shamba hilo likihubiriwa kuwa ndoa, mara nyingine kuwa wito. Mimi naona ni chakula. Wafilisti walijua kuja wakati wa mavuno: kule Keila walipora viwanja vya kupuria nafaka, iko sura ya 23 ya kitabu cha kwanza cha Samweli. Aliyewahi kulima hahitaji mafumbo hapo. Jasho la msimu mzima limesimama shambani limekomaa, kisha jeshi linatokea. Kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati kinasimulia kisa kama hicho kwenye habari za Eleazari, shujaa mwingine wa Daudi, na huko shamba ni la shayiri. Dengu au shayiri, kuna watu wangelala njaa.

Eleazari mwenyewe alipigana mpaka mkono ukagandamana na upanga. Ninachokipenda ni kile kipande kidogo kinachofuata: watu wakarudi nyuma yake, kuteka nyara tu. Haohao waliokuwa wameondoka vitani! Mwandishi hasemi zaidi, lakini hiyo "tu" ni yake.

Benaya nampitia haraka, maana ndiye anayehubiriwa zaidi: simba aliyemuua shimoni siku ya theluji, na Mmisri aliyeuawa kwa mkuki wake mwenyewe. Wanaompenda Benaya huwa hawafiki 1 Wafalme 2, anapotumwa na Sulemani kumuua Adoniya nduguye, kisha Yoabu aliyekuwa jemadari wa Daudi, kisha Shimei. Kwa Yoabu ilimbidi aingie mpaka penye madhabahu.

Sasa kisima. Daudi yuko Adulamu, pangoni, na kikosi cha Wafilisti kimeshika Bethlehemu, kwao alikozaliwa. Anatamani maji ya kisima kilicho penye lango la mji. Hakutoa amri, ni mtu amekumbuka maji ya nyumbani, akasema kwa sauti. Watatu wakamsikia. Wakapenya katikati ya adui, wakateka, wakarudi nayo, safari ya kama kilomita 20 kwenda tu. Daudi hakuyanywa. Aliyamwaga mbele za Bwana, akauliza kama anaweza kunywa damu ya watu waliohatarisha maisha yao. Majina ya hao watatu hatukupewa.

Huyu ndiye Daudi ambaye watu walimfia. Waliomfuata kule pangoni mwanzoni walikuwa kama 400, na 1 Samweli 22 haifichi ni watu gani: wenye dhiki, wenye madeni, wenye uchungu moyoni. Si wana wa wakubwa. Na orodha ya mashujaa inaonyesha mlango ulikuwa wazi hata kwa wageni. Igali ametoka Soba, huko Shamu. Seleki ni Mwamoni. Mambo ya Nyakati inamwongeza Ithma, Mmoabi. Torati ilikuwa imewafungia Waamoni na Wamoabi mlango wa kusanyiko la Bwana, lakini kwenye kikosi cha mfalme wamo, kwa majina yao na makabila yao.

Yoabu, jemadari mkuu, hana nafasi yake kwenye orodha hiyo. Ndugu zake wawili wamo, Abishai na Asaheli. Hata Naharai aliyembebea silaha yumo. Jina la Yoabu linatajwa ili tu wengine watambulike. Wapo wanaosema ni kwa sababu alikuwa juu ya wote. Mimi nadhani mwandishi alikuwa na hesabu zake, maana kuna barua moja aliyoipokea Yoabu ambayo mwandishi huyu hakuisahau.

Teremka na majina. Mstari wa 34: Eliamu, mwana wa Ahithofeli. Endelea mpaka 39, mwisho kabisa: Uria, Mhiti. Jumla watu 37. Sura imekwisha.

Rudi sasa sura ya 11. Daudi yuko darini jioni, anamwona mwanamke anaoga, anauliza ni nani. Anajibiwa: ni Bathsheba, binti Eliamu, mke wa Uria Mhiti. Ikiwa Eliamu ni yuleyule, na mimi naamini ni yeye, basi mfalme ametajiwa majina mawili ya wanaume wa kikosi chake kwa pumzi moja. Hakuwa mke wa mtu asiyemjua. Alijua, akatuma watu wamlete. Na ukiliamini hilo, utaelewa pia kwa nini baadaye Ahithofeli, babu yake Bathsheba na mshauri mwenye akili kuliko wote, alimwacha Daudi akaenda upande wa Absalomu, mwana wa Daudi aliyemwasi.

Bathsheba akapata mimba. Uria akaitwa kutoka vitani Raba, mji wa Waamoni, ambao leo ni Amman, Yordani. Akapewa ruhusa aende kwake. Akalala mlangoni pa jumba la mfalme, akasema hawezi kwenda kula na kunywa na kulala na mkewe wakati Sanduku la Mungu na wenzake wako vibandani. Mhiti, mgeni, ndiye anayelikumbuka Sanduku. Kisha akabebeshwa barua ya kifo chake mwenyewe, akaipeleka kwa Yoabu, akafa vitani.

Mtu aliyekataa kunywa maji kwa sababu yalikuwa damu ya watu wake, hii ameinywa.

Nitaambiwa natafuta fumbo pasipo na fumbo. Kwamba orodha ni daftari la jeshi, na huenda Uria aliandikishwa wa mwisho. Sawa. Lakini sura hiyohiyo inaanza na maneno ya mwisho ya Daudi, shairi linalomsifu anayetawala watu kwa haki, na kumfananisha na mwanga wa asubuhi isiyo na mawingu. Inaanza na hilo, inaishia kwa Uria. Aliyezipanga hivyo hakuwa amesinzia.

Linganisha na Mambo ya Nyakati, sura ya 11. Uria yupo, lakini baada yake yamefuata majina 16 mengine, Zabadi na wenzake, naye akamezwa katikati. Eliamu haonekani. Na kitabu hicho kinapofika vita vya Raba, habari ya Bathsheba hakina. Hakijasema uongo. Kimeendelea kutaja majina tu, kama karani anayeweka faili moja chini ya mengine.

Samweli imeliacha faili juu. Na halikusahaulika: 1 Wafalme 15 inamsifu Daudi kwa kutenda mema siku zote za maisha yake, kisha inaweka "isipokuwa", na baada ya hapo jina ni moja.

Kuna orodha nyingine ambayo nayo huwa tunairuka, ile inayofungua Injili ya Mathayo. Mathayo anawataja Rahabu na Ruthu bila shida. Akifika kwa mama yake Sulemani, hasemi Bathsheba. Anaandika: yule mke wa Uria.