Maji ya mlimani, bili ya bondeni

Tangu Agosti 2021, kodi ya majengo Tanzania hukatwa kwenye LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumika. Ukinunua umeme mwezi ukianza, unakuta uniti zimepungua na hujawasha hata taa. Mwaka 2023 kiwango kilipanda kutoka Sh1,000 hadi Sh1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, yaani Sh18,000 kwa mwaka. Je, Dar es Salaam ingeongeza humo humo tozo ya mitaro na kingo za mito?

Hoja ya kuunga mkono ni nzito, kwa sababu mkopo hujenga lakini hauzibui. Mto Ng'ombe, Kinondoni, umejengewa zege kwa fedha za mradi wa mkopo kutoka Benki ya Dunia. Zege hilo halizuii mchanga, chupa wala viroba. Tazama mtaro wowote ukizibuliwa: vijana wanashuka na machepe, wanatoa tope jeusi, wanalirundika ukingoni, kisha wanaondoka. Lori la kulizoa haliji. Mvua ya kwanza inalirudisha lote ndani, na kazi ya siku mbili imekwisha kwa nusu saa. Fedha ya kila mwaka, hata ikiwa kidogo, ndiyo inayolipa lile lori.

Wanaopinga wanasema tunalipa tayari. Kweli, ila kodi ya majengo haina mtaro wake. Ikishaingia kapu kuu, nani ataifuata? Wanasema pia kwamba LUKU humkata anayenunua umeme, mara nyingi mpangaji, kisha anaambiwa akadai kwa mwenye nyumba. Jaribu kumdai mwenye nyumba wako Sh1,500 uone.

Kwangu mimi, kasoro kubwa ni kutoza wote sawa. Mto Msimbazi unaanzia milima ya Pugu, unapokea maji ya mapaa na nyua zilizosakafiwa pevingi mpaka geti, unafurika Jangwani. Mama wa Kigogo, bondeni, aliyepanga magunia ya mchanga mlangoni hulipa sawa na tajiri wa mlimani ambaye uwanja wake haunywi hata tone, mradi nyumba zote mbili si ghorofa. Ujerumani, miji mingi hutoza maji ya mvua kwa kupima ukubwa wa paa na sakafu inayoyamwaga kwenye mfereji. Kupima kuna gharama, lakini paa linaonekana kwenye picha ya setilaiti. Ningelipa tozo ya namna hiyo, fedha zake zikikaa kwenye akaunti yake na matumizi yakibandikwa ofisi ya serikali ya mtaa.

Lipo jambo ambalo watetezi wa tozo hulikwepa. Mwishoni mwa 2015 nyumba za bonde la Msimbazi zilibomolewa, nyingine zikapigwa X nyekundu kwa kuwa ni eneo hatarishi. Ukimtoza mtu wa bondeni fedha ya kumkinga na mafuriko, umempa risiti. Siku tingatinga likija, atatoka nayo mkononi.