Wasandawe, upinde na ndoto yetu ya dhahabu

Olimpiki ikikaribia, vijiwe vya kahawa hapa Dodoma huwa na lao moja: wapelekeni Wasandawe, wale wawindaji wa wilaya ya Chemba, wakashindane kwa upinde, dhahabu itakuja yenyewe. Watu wanaitikia, kahawa inaongezwa. Mimi naipinga hoja hiyo, na si kwa kuwadharau Wasandawe. Wazee wa Farkwa na Kwamtoro wanaujua upinde kuliko yeyote kati yetu tunaopiga soga.

Ila mwindaji sifa yake ni kunyata. Anasogea hadi awe karibu na mnyama, anaachia mshale mmoja, na sumu inamaliza kazi. Uwanja wa Olimpiki hauna kunyata. Unasimama mita 70 kutoka kwenye shabaha yenye upana wa sentimita 122, na duara la pointi 10 ni la sentimita 12.2 tu. Siku ya kupanga nafasi unapiga mishale 72.

Mtazame Kim Soo-nyung wa Korea Kusini. Mwaka 1988 mjini Seoul, akiwa na miaka 17, alichukua dhahabu mbili: ya mtu mmoja mmoja na ya timu. Barcelona 1992 akaongeza dhahabu ya timu na fedha. Akastaafu, akaolewa, akazaa. Kisha akarudi! Sydney 2000 akapata dhahabu ya timu na shaba, huku dhahabu ya mtu mmoja mmoja ikienda kwa Yun Mi-jin, naye wa miaka 17. Jumla medali sita. Na kwao ubingwa wa jana haukupi tiketi ya leo. Bingwa wa Olimpiki hurudi kwenye mchujo kugombania nafasi na mabinti wanaotoka shuleni. Ndiyo maana timu yao ya wanawake haijapoteza dhahabu tangu 1988 hadi Paris 2024.

Mtu kama huyo hujengwa na marudio. Ugwe unavutwa hadi uguse kidevu na ncha ya pua, mahali palepale kila mara. Kwenye upinde kuna kibati chembamba. Mshale ukivutwa hadi urefu wake kinalia "tik", ndipo vidole vinaachia. Jana vile, leo vile, kesho vile. Hata hayo "macho ya mwindaji" tunayoyasifia hayana uzito tunaoupa: Im Dong-hyun, mlenga mishale wa Korea Kusini ambaye uoni wake ni hafifu, aliweka rekodi ya dunia ya pointi 699 kati ya 720 London 2012.

Sisi medali zetu za Olimpiki ni mbili tu, fedha za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, Moscow 1980. Nao walikimbia mazoezini miaka na miaka, hawakuokotwa njiani.

Kwa hiyo wanaotaka dhahabu kutoka Chemba waache kusifia damu, waulizie bajeti. Pinde za mashindano ni ghali, na kocha anataka mshahara. Waanze na shule mbili tatu za msingi, mchezo uingizwe UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, mtoto wa Kisandawe ashindane na wa Kigogo na wa Kirangi, anayepiga vizuri ndiye asafiri. Eneo tunalo tele. Na huu upepo wetu wa Julai unaotujaza vumbi machoni, kwa mlenga mishale ni mwalimu wa bure. Kocha asiwafungie watoto ukumbini.