Kusoma Msimbo Si Kupima Gari
Inaniudhi sana fundi anapochomeka mashine ya kusoma hitilafu za gari, akasoma msimbo wa hitilafu P0236, kisha papo hapo akaniagiza ninunue sensa mpya ya presha ya tabo (kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi), kana kwamba msimbo huo umetamka kuwa sensa imekufa. Msimbo unasema tu kwamba kipimo kinachotoka kwenye sensa hakilingani na kile ambacho kompyuta ya gari ilikitarajia, na sababu inaweza kuwa mpira wa kupitishia hewa ya tabo uliopasuka, waya uliokatika au plagi ya sensa iliyoingia mafuta. Nimenunua sensa mbili, na gari langu la dizeli likaendelea kukosa nguvu kwenye kila mlima, hadi fundi mwingine alipolegeza klipu moja na kunionyesha ufa kwenye mpira. Kupima kwenyewe ni kazi ya dakika chache: unawasha swichi bila kuwasha injini, unahakikisha kwamba volti 5 zinafika kwenye plagi, kisha unasoma kwenye mashine presha ya hewa inayoonyeshwa na sensa, ambayo hapa Nairobi, kwa kuwa mji uko juu sana kuliko bahari, inapaswa kukaribia kilopaskali 83, si 100 kama ilivyo Mombasa. Fedha zangu hazikurudishwa, na sensa ya awali, iliyokuwa nzima kabisa, ilikuwa imeshatupwa.